Rada za Nchi Mbili na Msiba wa Kakese

Dar es Salaam
12 Januari 2025

Kwa Mjomba Pontien,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Prisila mnaendelea vizuri na mvua hazijaharibu mbegu. Mimi ni mzima, ila joto la huku limenikataa kabisa. Krismasi nilikula wali wa hotelini peke yangu, nikawaza maharage ya mkeo yale yanayoungwa kwa mawese, nikaona bora nilale tu. Wasalimie wadogo zangu. Gelasius akifika mpeni hata karanga, maana ndiye aliyebeba barua hii. Majibu yako mwachie Zubeda dukani kwake Shanwe, atayaweka kwenye basi.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu tunaziacha getini asubuhi, na jioni nikirudishiwa yangu sina imani nayo tena. Kazi yetu ndivyo ilivyo. Tumechukuliwa vijana wachache, kwa muda, tusaidie kulinganisha nchi mbili za mbali ambazo sitazitaja. Zote mbili zimetengeneza rada za kubebwa kwenye magari, za kugundua ndege mapema kabla haijafika. Nchi ya kwanza ilinyimwa silaha na wenzake miaka mingi, ikalazimika kujitengenezea. Rada yake ni kubwa, ya kizamani kuitazama, antena kama chaga za kitanda zilizosimamishwa wima, na inabebwa na malori mawili. Lakini mawimbi yake ni marefu. Yanazigundua hata ndege zilizotengenezwa zisionekane, ingawa hayasemi kwa uhakika ziko wapi, kama wewe unavyosikia nguruwe shambani usijue yuko tuta gani. Nchi ya pili ilinunua, ikafungua, ikaiga, ikabandika jina lake. Rada yake inakaa kwenye gari moja, inaona kwa usahihi, na inakunjwa upesi ikahama. Kuhama ndiyo kila kitu, Mjomba. Rada ikiwashwa inajitangaza na adui anaisikia. Ikichelewa kuondoka inapigwa.

Kazi hii ikiwa ya kudumu nitakuwa mtu. Kilichobaki ni upekuzi. Watu watakuja Kakese kuuliza mimi ni nani, nimelelewa na nani, ndugu zangu wako wapi. Kwenye usaili mzee mmoja aliniuliza kuhusu wazazi. Nikasema baba alifariki, ambayo ni kweli. Akauliza, na mama je? Nikasema alishafariki pia.

Naomba wakija useme hivyo hivyo. Najua mama yuko Rumonge, anauza mawese, ana afya. Sijamtakia mabaya. Ila sioni nani atamkabidhi rada mtu ambaye mama yake anaishi ng'ambo ya mpaka, Burundi. Ndivyo ninavyoona mimi.

Mwanao,
Pacifique


Kakese
23 Februari 2025

Mpwa wangu Pacifique,

Marahaba. Gelasius aliiacha barua yako kwa Zubeda, ikakaa wiki nzima kwa sababu barabara ya kuja kwetu ilikuwa matope matupu na bodaboda walikuwa wanadai bei za harusi. Sisi wazima. Goti la Prisila linamsumbua lakini mdomo hauna shida yoyote. Mpunga umeshika vizuri. Ndama yule mwekundu amekufa, tumemla, alikuwa mgumu.

Nimewasomea watu wa hapa nyumbani habari za magari yako. Prisila ameuliza kama hiyo chaga ya kitanda inaweza kugundua ng'ombe wa jirani wakiingia kwenye mahindi. Nimemwambia hiyo ni ya ndege. Akasema basi kuku wake anawashinda, maana mwenye vifaranga anamwona kipanga kabla sisi hatujainua kichwa, na hakunyimwa silaha na mtu. Usikasirike, tunakutania. Tunajivunia wewe. Kwenye jumuiya nimekutaja mpaka wamechoka, wananiita Baba Rada.

Dada yangu Thacienne, yaani mama yako huyo, alipiga simu Krismasi na akapiga tena juzi. Mafuta yanauzika. Watu aliowakuta wamekalia shamba la baba yako hawajaondoka hadi leo, na ameacha kuwauliza. Alitaka kujua kama unakula. Nikamwambia unakula. Akataka kujua kama umenenepa, nikasema sina uhakika. Akacheka. Jumapili nikawapa watu wa jumuiya salamu zake kama kawaida, wakamshukuru.

Kuhusu lile jambo lako lingine, naona karatasi imeisha.

Mjomba wako,
Pontien


Dar es Salaam
16 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo, na pole ya ndama. Kwa kuwa karatasi iliisha, pamoja na barua hii nimekutumia daftari zima.

Nikueleze kitu kimoja, halafu utanijibu. Ulinzi wa anga wa nchi zote mbili una kifaa kinachoiuliza ndege: wewe ni wa kwetu? Ndege ya kwetu inajibu kwa namba ya siri. Isiyojibu inatiliwa shaka, hata kama rubani amezaliwa mtaa wa pili. Tulipoelezwa habari za kifaa hicho wenzangu waliandika kwenye madaftari yao. Mimi nilitaka kutoka nje. Nimeulizwa swali hilo tangu darasa la tatu, Mjomba. Mwalimu alikuwa akisoma jina langu tu, Pacifique, nyuma wanasema mkimbizi. Uraia tukapewa, wewe ukacheza ngoma, ukachinja mbuzi, na kesho yake shuleni nikaitwa mkimbizi mwenye cheti. Wewe una mpunga wako, hakuna anayekuuliza kitu. Mimi huku naulizwa kila mlango.

Unanielezea kwamba mama amecheka kwenye simu. Najua kwa nini umeniandikia hivyo. Basi na mimi nikukumbushe. Mwaka 2009 alipanda lile lori la kurudi Burundi nikiwa nimeshikwa mkono na Mama Prisila, nina miaka kumi. Alisema anakwenda kutazama shamba la baba, atarudi kunichukua. Sijamwona tena mpaka leo. Yeye aliniacha kwa miguu yake. Kwa nini mimi nisiruhusiwe kumwacha mara moja, tena kwa maneno tu?

Nimeambiwa upekuzi ni kati ya Mei na Juni. Huwa hawaulizi familia peke yake, wanauliza na majirani. Naomba ujipange. Nikikosa kazi hii sirudi Kakese, nikwambie kabisa, sitakuja kuinama kwenye mpunga watu wakiniita Rada.

Pacifique


Kakese
4 Mei 2025

Pacifique,

Salamu. Sisi wazima, isipokuwa mama yako amefariki. Nakuandikia jinsi alivyokufa ili ukiulizwa usibabaike.

Baada ya barua yako nilikaa nayo siku kadhaa nikiwa na hasira, na Prisila akasema mtoto akipotea huko mjini utamzaa wewe? Nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa mtaa. Nilitaka kumwambia neno moja tu, kwamba wakija watu kuuliza, dada yangu hayupo tena. Akasimama, akanishika mkono, akaniuliza, "Lini?" Sasa ningesemaje? Februari niliwapa watu salamu zake. Nikababaika, nikasema juzi.

Hilo juzi ndilo lililotumaliza. Ningesema mwaka jana wangenisema kwa kuwaficha, yakaisha. Lakini mtu aliyekufa juzi ana msiba. Kabla sijafika nyumbani, turubai limeshatangulia. Wanawake wa jumuiya wamekuja na kuni kichwani, maharage, mahindi, sufuria za parokia. Wanaume wamewasha moto uani wakakaa. Katekista Yohani, aliyemfundisha mama yako komunyo ya kwanza kule makazi ya wakimbizi ya Katumba, alikuja kwa baiskeli kwenye mvua, analia kama mtoto. Nikamwambia kazikwa huko huko Rumonge. Akasema hata kama, tutamlilia hapa, upande huu ndipo alipokulia. Wamelala kwangu siku tatu. Kila aliyeingia alikuwa na habari ya Thacienne: jinsi alivyokuwa anaimba, jinsi alivyompa fulani chumvi wakati wa njaa. Nimelia, Pacifique. Nilianza kwa kuigiza, halafu nikalia kweli, na Prisila akanikanyaga mguu akidhani nimezidisha.

Siku ya pili, watu wamejaa, simu ya Prisila ikalia. Ni yeye. Prisila alikuwa katikati ya wanawake, mmoja ameegemea bega lake. Akapokea. Nilikuwa mlangoni, nilisikia sauti ya mama yako inatoka mle ndani inasema, "Prisila, ni mimi, mbona kuna kelele?" Prisila akasema, "Umekosea namba." Akazima. Usiku akatoa laini akaivunja, na mimi nikavunja yangu.

Tarehe ishirini na sita Aprili tulikaa kile kikao cha maji, sisi watu wa Burundi tunavyomaliza msiba, ndugu wanakunywa pamoja na kusema marehemu ameacha nani. Nikasimama nikasema ameacha mtoto mmoja, yuko Dar es Salaam, analinda anga. Watu wakapiga makofi.

Waje tu sasa hao wapekuzi wako. Kila mtaa watakaopita watapewa pole.

Pontien


Dar es Salaam
22 Juni 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo sana. Nimepita! Jana nimeitwa ofisini nikaambiwa nimethibitishwa. Nikatoka nje nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimekunywa. Asante wewe, asante Mama Prisila. Najua mlibeba mzigo, na barua yako ile niliisoma nikaikunja, sikutaka kuisoma mara ya pili. Mshahara wa kwanza nitamleta Mama Prisila huku atazamwe hilo goti.

Taarifa yetu nayo imekwisha, na sehemu yangu imesifiwa. Niliandika kwamba nchi ya pili ina rada nzuri zaidi siku ya maonyesho, ila vipuri walivyoshindwa kuiga na funguo za mitambo viko mikononi mwa aliyewauzia, akikasirika wanakaa gizani. Nchi ya kwanza ilichukua miaka mingi, ilichekwa, rada zake za mwanzo ziliona mvua zikadhani ni ndege. Lakini leo ile ya mawimbi marefu inagundua, inaiita nyingine yao, ndogo ya mawimbi mafupi, itazame vizuri, halafu zote mbili zinazima na kuhama. Na ikiharibika, aliyeitengeneza yupo nao hapo hapo.

Kuna jambo lingine. Yupo mwenzangu anaitwa Kalisti, mtu wa Kigoma. Mama yake yuko Kalemie, Kongo, ng'ambo ya ziwa. Kwenye usaili alilisema wazi, na kijiji akakitaja. Naye amepita. Nilimuuliza mkuu wetu kwa kuzungukazunguka, nikajifanya ni habari za rafiki. Akasema ndugu nje ya nchi si kosa, nchi hii nani hana ndugu ng'ambo? Akasema wanachotafuta ni mtu anayedanganya, basi.

Kwa hiyo hata ningesema ukweli ningepita. Lakini sikujua, Mjomba, na sasa siwezi kurudi nikasema amefufuka. Nitaona jinsi ya kurekebisha polepole. Septemba napata nyumba. Naomba umpigie mama, mimi bado naogopa simu hii. Mwambie nimepata kazi, mwambie aje anitembelee, nitamtumia nauli. Usimweleze yale mengine, hakuna haja.

Mwanao,
Pacifique


Kakese
17 Agosti 2025

Pacifique,

Nimechelewa kukujibu. Mpunga tumevuna, magunia yako ndani. Prisila anashukuru kwa habari za goti, anasema litapona lenyewe. Wadogo zako wazima.

Wapekuzi walifika mwanzoni mwa Juni, wawili, watu wa heshima. Waliuliza kama unakunywa, kama una ugomvi na mtu, kama ulikuwa mwizi wa embe. Mwisho wakauliza mama yako alifariki lini. Wewe uliwaambia kabla ya Januari, mimi nimemuua Aprili, kwa hiyo nikasema muda kidogo umepita, nikatazama chini. Mkubwa wao akavua kofia akanipa pole. Hawakuuliza tena, na kwa majirani waliuliza tabia yako tu.

Unasema nimpigie mama yako. Hukuwa na haja ya kuniomba. Alikuja mwenyewe.

Ilikuwa Julai, siku ya Jumamosi, mchana. Alitoka Rumonge akapita Manyovu, akalala Kigoma, akapanda basi mpaka Mpanda, akachukua bodaboda mpaka kwenye njia panda yetu, hapo akatembea. Yohani alikuwa anakuja na baiskeli yake. Alipomwona aliiangusha mahindini akakimbia, mzee mzima. Mama yako akaiokota baiskeli akaja nayo hadi uani kwangu akiisukuma, akaiegemeza ukutani. Amekonda. Meno ya mbele hana. Nisingekuwa kaka yake nami ningemtazama mara mbili.

Akaniangalia, akamwangalia Prisila, akakaa chini pale pale. Akasema, "Yoo, kumbe mko wazima. Simu zenu zote hazipatikani miezi mitatu, nikajua nyie mmekufa. Nimekuja kuwalilia."

Prisila akaingia ndani, hakutoka. Nikabaki mimi. Nikamweleza yote, sikuficha hata ile siku ya simu. Alikuwa anachezea mpini wa kikapu chake. Nilipomaliza aliniuliza, "Ni yeye mwenyewe alisema?"

Nikasema ndiyo.

"Hakulazimishwa?"

Nikasema hakulazimishwa, aliulizwa akajibu.

"Kazi yenyewe ni ya nini?"

Basi nikamweleza habari za nchi zako mbili, ile iliyojitengenezea na ile iliyonunua, malori, chaga za kitanda, kugundua ndege ingali mbali. Nilieleza vibaya, lakini alisikiliza mpaka mwisho, na alipokuwa haelewi aliniuliza. Akasema, "Ni kazi nzuri. Wasije wakamfukuza." Kuhusu kukuacha mwaka ule hakujitetea kwa neno hata moja. Nilitaka ajitetee. Nilitaka atukane, anipige hata kofi, ningelala vizuri.

Kabla hajanywa hata maji, Yohani akarudi na watu. Wamejaa uani, mwenyekiti wa mtaa mbele, wengine wameshika rozari. Mwenyekiti akaniuliza, "Mzee Pontien, huyu ni nani?" Nilifungua mdomo, Pacifique, na naapa sijui ningesema nini. Pengine ningesema ukweli. Yeye akasimama kabla yangu.

Akasema, "Mimi ni mdogo wake marehemu. Naitwa Spès. Nimechelewa msiba, mnisamehe, njia ni ndefu."

Watu wakashusha pumzi. Waliomjua walimtazama sana. Nadhani wawili watatu walijua, na Yohani alijua kabisa, aliichukua baiskeli yake akaondoka bila kuaga mtu. Wengine wakafanya linalofanywa. Wakaleta mkeka, wakamkalisha katikati, wakapita mmoja mmoja wakimshika mikono, pole, pole mama, dada yako alikuwa mtu wa watu. Alipokea pole zote. Wanawake wakaimba, naye akaimba nao, nyimbo anazijua. Wakaleta chakula, akala kidogo. Alilia wakati ule tu mtu anapotakiwa kulia.

Halafu bibi mmoja aliyekaa karibu naye, kwa wema tu, akamuuliza na yeye ana watoto wangapi huko Burundi.

Akasema, "Dada yangu ndiye alijaliwa. Alikuwa na huyo Pacifique. Mimi sikupata."

Aliondoka kesho yake asubuhi. Nilimsindikiza hadi stendi Mpanda, nikamnunulia maji na mkate. Hakuniachia ujumbe wowote wa kukupa. Nilimuuliza kama ana neno, akasema neno la kumpa nani?

Kwa hiyo ukipata nyumba yako Septemba na ukitaka kumwalika, namba yake ni ile ile, mpigie mwenyewe. Muamkie kama mama yako mdogo, na uanze kwa kumpa pole ya dada yake. Mtoto hana. Amelisema mwenyewe mbele za watu, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Pontien